Jina la Ng'ombe

Mume wangu Simel alikuwa na jina la kondoo, akalitaka la ng'ombe. Ndiyo habari yote. Wengine huuza shamba wakanunua gari, wengine humwacha mke wakaoa binti wa juzi. Wangu mimi alichoka na jina. Nitaeleza taratibu, maana si kila mtu amekulia kwetu Soitsambu, na sitaki mtu acheke kabla hajaelewa anachokicheka.

Kwetu Wamasai mtu akikupa mnyama, hamwitani tena kwa majina mliyopewa na wazazi. Akikupa kondoo, yeye atakuita Paker na wewe utamwita Paker, mpaka mmoja wenu azikwe. Akikupa ndama, mnakuwa Paashe. Akikupa ng'ombe, mnakuwa Pakiteng, na hapo hakuna tena pa kupanda. Majina hayo si ya kupamba salamu, yana kazi. Pakiteng wako akikwama kiangazi unampa nafasi kwenye maji yako, na akija na shida huwezi kumwambia arudi kesho. Paker naye ana haki yake, ila ni haki ya kondoo: atapewa chai, ataulizwa habari za watoto, atasindikizwa mpaka getini. Na kuna jambo moja wazee walilitilia mkazo. Anayepokea mnyama ndiye anayeita kwanza. Mtoaji anatoa, ananyamaza, anasubiri kuitwa.

Simel na Supeet walikuwa Paker, na Supeet ndiye aliyetoa. Nilipojifungua Lemayian, mwanangu wa kwanza, Simel hakuwa na kondoo wa kunichinjia, na mzazi wa kwetu asipokunywa mafuta ya kondoo watu huona haya hata kumtembelea. Supeet wakati huo alikuwa mchungaji wa mifugo ya watu, hana mbele wala nyuma, shuka moja na ndara za matairi. Alikuja amebeba kondoo dume mabegani, akamkabidhi Simel, akaondoka bila hata kuomba maji. Nilikunywa yale mafuta nikapata nguvu. Ndiyo maana mimi jina la Paker nililipenda. Kila waliposalimiana nilikumbuka zile siku, nikajisikia tuna mtu.

Halafu Supeet akapata. Alianzia wapi sijui. Wapo wanaosema ni biashara ya kupeleka ng'ombe minadani, wapo wanaosema mengine, mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba ana nyumba ya wageni Karatu wanakolala wazungu kabla ya kushuka kreta kutazama wanyama, ana kisima kirefu hapa Soitsambu chenye pampu ya sola, na ana gari ambalo vioo vyake vinashuka vyenyewe. Akipita barabarani akamwona Simel na mifugo, hushusha kioo na kupaza sauti, "Paker!" Simel hujibu, "Paker!" Nyuma ya gari huwa wamekaa marafiki wapya, wale waliompa madume makubwa wakati nyota yake inapanda, na kila mmoja wao ni Pakiteng. Huwa wanacheka. Pengine wanacheka mambo yao. Simel aliamini wanamcheka yeye na kondoo wake.

Akaanza kuugua ugonjwa wa jina. Anarudi jioni haulizi kama mbuzi wamerudi wote, anauliza, "Hivi, Mama Lemayian, tajiri akikuita Paker mbele za watu, watu wanaona nini?"

"Wanaona mtu aliyepewa kondoo."

Hakulipenda jibu hilo. Akaniambia mimi mwanamke, sijui mambo yanavyokwenda. Kweli sikujua. Nilikuwa najua ng'ombe, maziwa na watoto, mambo madogo madogo hayo.

Supeet alipomaliza nyumba yake mpya, ya ghorofa, akatangaza sherehe ya kuizindua. Wageni watoke Karatu, watoke Arusha. Wapishi wa kukodi, MC wa kukodi, maturubai, maspika. Majirani wote tukaalikwa. Siku Simel alipopata habari alikaa nje ya boma akichora chini kwa fimbo. Mume wangu akichora chini, kuna kitu changu kinaondoka.

"Nitampa ng'ombe," akasema.

"Yupi?"

"Sambu."

Sambu alikuwa wangu, na lazima niseme alikuwa wangu kwa namna gani. Bibi harusi wa kwetu akifika kwenye boma la mume haingii. Anasimama langoni ameinamisha kichwa, na watu wa mume wanambembeleza: utapewa mbuzi, utapewa kondoo, ingia mama. Mimi niliwasimamisha mpaka jua likageuka, mkaidi mimi, hadi mama mkwe wangu akasema, "Nakupa ng'ombe jike, mwanangu. Ingia, watu wana njaa." Nikaingia. Sambu alikuwa mjukuu wa ng'ombe huyo, mwenye mabaka mekundu na meusi yaliyochanganyika, ndiyo rangi tunayoiita sambu. Mifugo ya namna hiyo ni ya nyumba ya mwanamke. Maziwa yake nakamua mimi, nagawa mimi, na kizazi chake atarithi mwanangu. Mume anaweza kumgusa, ndiyo. Mume anaweza kugusa chochote. Lakini mume mwenye adabu huomba kwanza.

Zaidi ya hayo, Sambu alikuwa ananyonyesha ndama jike wa miezi miwili, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea Naserian, binti yangu wa mwisho. Matiti yangu yalikauka mapema kwa homa, mtoto hajaota hata jino. Mtoto yule alikuwa hai kwa sababu ya ng'ombe yule. Simel alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa akinishikia ndama nikikamua.

"Kama ni lazima, mpe mtamba," nikasema. Mtamba huyo ni binti mkubwa wa Sambu, rangi ile ile, alikuwa bado hajashika mimba. Kusema neno hilo kuliniuma kwelikweli, lakini nilikuwa najaribu kuokoa maziwa.

"Mtamba ni ahadi tu. Watasema nimepeleka ndama mrefu. Nataka ng'ombe aliyekamilika, ana maziwa, ana mtoto ubavuni. Hata kipofu akimgusa aseme huyu ni ng'ombe."

"Na Naserian atakunywa nini?"

"Mbuzi wapo."

"Mbuzi wale ukiwakamua wote hawajazi kikombe, Baba Lemayian."

"Angalia mbele, mama. Nikiwa Pakiteng wa Supeet, kiangazi tunanyweshea kisimani kwake. Lemayian akimaliza shule anapata kazi Karatu, kwenye nyumba ya wageni. Ng'ombe mmoja tu, na yote hayo yanafunguka."

"Supeet amesema hivyo?"

"Hawezi kusema kabla hajapokea. Si unaijua mila?"

Mila niliijua. Simel naye aliijua vizuri sana, na ndipo alipoanguka: hakujiuliza kama Supeet bado anaijua. Nililia, nilimtukana, nilikwenda kwa shemeji zangu wakanisikiliza wakitafuna miswaki, wakaniambia mume ni mume. Nikarudi nikamkamua Sambu nikijua nahesabiwa vikombe.

Asubuhi ya sherehe Simel alimpangusa Sambu vumbi kwa kitambaa chenye maji, akamvika kengele. Alivaa shuka jipya jekundu na koti alilonioa nalo. Nikamfunga Naserian mgongoni nikafuata nyuma. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nataka kuliona hilo jina la thamani likitoka mdomoni mwa mtu.

Getini kwa Supeet tulipokelewa na vijana waliovaa fulana zenye picha ya nyumba mpya. Simel alitaka kuingia na ng'ombe wake mpaka mbele ya mwenyeji, kama inavyotakiwa, amkabidhi kamba mkononi watu wote wakiona. Kijana mmoja akaishika kamba yeye.

"Zawadi za mifugo zinapita nyuma, mzee. Karibu na jiko. MC atatangaza."

"Mwambie Supeet ni Simel."

"Simel wa wapi?"

"Mwambie Paker," akasema mume wangu, na sauti yake ikawa ndogo. Kijana akacheka, akaondoka na Sambu, ndama akiruka ruka nyuma ya mama yake. Simel akabaki ameikunja mikono kana kwamba bado kuna kamba ndani yake.

Tukakaa, wanaume turubai lao, wanawake letu. MC alikuwa mtu wa Karatu mwenye suti ya kung'aa, anaongea mfululizo kama redio. Akatangaza sofa kutoka kwa fulani, tangi la maji kutoka kwa fulani, televisheni kubwa, watu wakipiga makofi kila mara. Ng'ombe hakutangazwa. Kila MC alipovuta pumzi, nilimwona Simel kule upande wa pili anaweka koti lake sawa, tayari kusimama. Nilimwonea aibu, halafu nikamwonea huruma, halafu Naserian akaanza kulia njaa na nikaacha kumwonea chochote.

Chakula kikaanza kugawiwa, pilau na nyama, sahani zimejaa. Naserian hakutaka pilau. Nikatoa kikombe nilichokuwa nimekifunga kwenye shuka, nikasema moyoni, ng'ombe ametolewa ndiyo, lakini jina halijaitwa, kwa hiyo leo bado ana deni na mwanangu. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikamkamue Sambu kidogo.

Nilimkuta ndama peke yake. Alikuwa amefungwa kwenye mti, analia, ameivuta kamba mpaka shingo imechubuka. Pembeni, juu ya majani, kulikuwa na ngozi mbichi iliyokunjwa manyoya yakiwa nje. Nilizitambua zile rangi kabla akili haijakubali.

Mpishi mkuu aliitwa Hamisa, mama mnene mwenye aproni, mfanyabiashara wa chakula wa Karatu. Alikuwa anafunika sufuria.

"Ng'ombe aliyekuwa hapa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Wa mabaka? Si ndiye huyo mnakula, dada yangu. Lori la madume limekwama njia ya Enguserosambu tangu asubuhi, wageni wana njaa, nikampigia bosi. Akasema chukueni yeyote aliye karibu na jiko. Usiwe na wasiwasi, amechinjwa kwa bismillahi."

"Alikuwa anakamuliwa."

Hamisa akatazama kikombe changu, akamtazama mtoto. Uso ukamshuka.

"Tuliona maziwa, dada. Yalimwagika mengi. Tukasema labda huku ndivyo mnavyofanya."

Huku hatufanyi hivyo. Hata njaa ikiwa imekaa ndani ya nyumba, hakuna Mmasai anayechinja ng'ombe mwenye ndama titini. Tungekula ngozi za vitanda kwanza. Lakini nimwambie nini Hamisa? Yeye ametumwa na mtu aliyezaliwa kwetu, aliyechunga kwetu, aliyejua. Aliomba radhi mara nyingi, akamimina kikombeni maziwa ya pakiti yaliyobaki baada ya chai ya wageni, akampa Naserian. Naserian akanywa yote. Nikarudi mbele.

Nilivuka mpaka turubai la wanaume, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Simel alikuwa ameshika sahani mapajani, anatafuna.

"Baba Lemayian," nikamwambia. "Unamla Sambu."

Taya zikasimama. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, macho yakajaa maji, na kwa kitambo kidogo nilidhani mume wangu amerudi. Hapo hapo spika zikalia. "Sasa tunamkaribisha mwenye nyumba atoe shukrani!" Simel akageuza kichwa kule kwenye maikrofoni. Taya zikaanza tena, taratibu.

"Ngoja kwanza," akaninong'oneza. "Anaongea."

Hapo ndipo nilipoacha kumpenda. Nasema waziwazi, sioni sababu ya kuficha. Kulikuwa na mapenzi kabla ya ile sentensi na baada yake hakukuwa na kitu.

Supeet alisimama amevaa kofia ya ngozi, akawashukuru watu wa sofa na watu wa televisheni. Akawataja Pakiteng wake mmoja mmoja. Kisha akapokea karatasi ndogo kutoka kwa kijana wa getini, akatabasamu.

"Na nasikia kuna rafiki yangu wa zamani sana kaleta ng'ombe. Yuko wapi? Yuko wapi Paker?"

Simel akasimama na sahani mkononi. Mdomo ulikuwa umejaa, hakuweza kuitika. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, kwa Kimasai na kwa Kiswahili, ili hata wa Karatu wasikie.

"Ng'ombe mwenyewe ndiye huyo mnamla! Alikuwa ananyonyesha! Mnakula mama wa ndama!"

Wazee wakaweka sahani chini. Mmoja akatema. Supeet akainama kwa yule kijana, wakanong'onezana, na nilimwona anavyopima watu kwa macho kama anavyopima mifugo mnadani. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Bahati mbaya, ndugu zangu. Wapishi ni wa mjini, hawajui. Mimi nawasamehe, na nyinyi wasameheni. Lakini mtu asiseme Supeet amekula cha rafiki yake bure. Leteni huyo ndama!"

Ndama akaletwa anaburuzwa, shingo inatoka damu. Supeet akamshika kamba, akaivuta mpaka kwa Simel, akampa.

"Paker, pokea. Nakupa ndama. Kuanzia leo tumetoka kwenye kondoo. Mimi na wewe sasa ni Paashe!"

"Makofi kwa Paashe!" akasema MC, na sijui kama alijua anasema nini.

Ndama alikuwa wetu. Nilimvuta mimi tumboni mwa mama yake, kwa mikono hii, alfajiri ya mvua. Mtu ametoa ng'ombe na ndama, akarudishiwa ndama, na yeye ndiye aliyepewa! Nilisubiri mzee mmoja aseme. Nilisubiri walau mmoja aseme kwamba mtoaji hajiiti, kwamba hata hapo mila imevunjwa. Lakini nani amrekebishe mwenye maikrofoni? Shauri lilikuwa limekwisha, limelipwa mbele ya watu. Wazee wakazichukua sahani zao.

Simel alikuwa analia kwa furaha.

"Paashe," akasema. "Paashe wangu!"

Njiani kurudi alitembea mbele akipiga mluzi. Alinieleza kwamba kutoka kondoo kwenda ndama ni kupanda, si kushuka, na kwamba ndama hakai ndama, atakua awe ng'ombe, na jina nalo litakua. Kwa kila tuliyekutana naye alisimama akasema amepewa ndama na Supeet. Wengine walimpongeza. Wengine walimtazama ndama, wakazitambua zile rangi, wakanitazama mimi, wakapita.

Nyumbani ndama alilia mpaka sauti ikakauka. Mtamba alikwenda kumnusa, akasimama naye. Hao ndio waliobaki nyumbani kwangu, mtamba na yatima. Nilimtazama mtamba nikajiambia mwaka huu atashika mimba, mwakani atazaa, na maziwa yatarudi. Ilibidi nimtafutie Naserian cha kunywa mpaka hapo.

Kesho yake Simel alichukua chupa ya Naserian, akanitaka niijaze maziwa ya mbuzi.

"Mpe ndama."

"Na mtoto?"

"Mtoto mpe uji. Huyu akifa, nitamwambia nini Paashe?"

"Huyo mtoto akifa, utaniambia nini mimi?"

Akanipiga kofi. Hakuwa mtu wa kupiga, na hata siku hiyo alipiga kama mtu anayefukuza nzi, akili yake iko kwingine. Nikaijaza chupa. Kuanzia hapo kila asubuhi aliniletea chupa naye anasimama nje, na mimi ndani nilitia maji, nikachanganya unga kidogo wa mahindi mpaka yakawa meupe, nikamkabidhi. Maziwa alikunywa Naserian, nimemfunika kwa shuka asionekane. Simel alimlisha ndama kwa mkono wake mwenyewe, akimsemesha, akimwita kwa jina la Supeet. Ndama alinyonya chupa akinitazama mimi. Nilimpenda yule ndama. Nilimuua hivyo hivyo nikimpenda, maana walikuwa wawili na maziwa ni ya mmoja.

Alipokufa Simel alikaa naye mapajani tangu asubuhi hadi mbuzi waliporudi. Alimchuna, akaificha ngozi chini ya kitanda, akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Ilinifaa nami. Mtamba naye akapandwa na dume la jirani, nikamwona ameshika. Nilianza kulala.

Kisha siku moja tulikuwa tunatoka majini, mimi na dumu mgongoni, Naserian kifuani, Simel mbele. Gari likatokea. Likasimama, kioo kikashuka chenyewe.

"Paashe!"

"Paashe!" Simel akakimbia mpaka mlangoni. Sijawahi kumwona ana uso mzuri kama ule, hata siku ya harusi yetu.

"Ndama wetu anaendeleaje?"

Simel aligeuka akanitazama. Nilikuwa na uwezo wa kusema, nilikuwa na mdomo. Lakini ningesema nini, kwamba amekufa? Angeuliza amekufaje. Nikarekebisha dumu.

"Anakua, Paashe," Simel akasema. "Amenona, hutamtambua."

"Safi sana. Basi sikiliza. Mdogo wangu anaoa mwezi wa nane, na kwenye mahari tumepungukiwa jike moja. Nikasema sina haja ya kuhangaika minadani wakati Paashe wangu yupo. Nitamtuma kijana aje amchukue."

"Haina shida, Paashe."

"Nilijua. Wewe ndiye mtu."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka, vumbi likatufunika wote watatu, Naserian akaanza kukohoa. Simel alisimama barabarani mpaka lilipopotea, kisha akatembea haraka kuelekea nyumbani bila kuniangalia.

Nilipofika nilimkuta zizini. Alikuwa amesimama karibu na mtamba wangu, anamzunguka, anarudi nyuma hatua moja, anakodoa macho. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Rangi ni ile ile," akasema, kana kwamba ananipa habari njema. "Watu wa magari hawaangalii ng'ombe vizuri."

Akamfunga kamba shingoni, azoee.